Uwanja Uliopotea kwa Kucheza

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Kwa mujibu wa wazee, wenyeji waliupoteza uwanja huu baada ya kushindwa katika mashindano ya kucheza, na tangu hapo hawakuwa na dai lolote juu yake." Niliiandika mimi. Niliipiga chapa mimi mwenyewe, kwa vidole viwili, kwenye mashine ya ofisi ambayo herufi yake ya m ilikuwa imekatika mguu mmoja. Ilikaa ukurasa wa tatu wa taarifa ya kurasa tano, na kwa wiki mbili nzima ikaninyima usingizi. Si kwa sababu nilijua ni uongo. Kama ningejua ni uongo, nadhani ningelala. Nilichokuwa nacho kilikuwa kibaya zaidi: nilikuwa nashuku, na nilikuwa naogopa kuuliza, kwa sababu nikiuliza ningejibiwa.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, shahada ya historia, nikapangiwa Songea kuwa msaidizi katika ofisi ya utamaduni. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu cha umma kilikuwa kinatafutiwa mwenyewe mpya. Maduka ya ushirika yalikuwa yamefungwa milango, na rangi ya maandishi yake ilikuwa inabanduka. Wanunuzi binafsi wa mahindi walifika na malori yao hadi Namtumbo na kwingineko. Mabasi ya watu binafsi yalishindana kupiga honi pale stendi, mitumba ilitandazwa kila mahali palipokuwa na nafasi ya kutandaza, na sisi wa serikalini tulisikia kila mwezi kwamba orodha ya watakaopunguzwa kazini inaandaliwa. Ilisemekana kwamba walio katika kipindi cha majaribio, nami nikiwa mmoja wao, ndio wa kwanza. Nyumbani kwetu, upande wa Bukoba, baba alikuwa amekwisha kuwaambia watu kanisani kwamba binti yake ni afisa. Sikuwa na namna ya kurudi bila kueleza.

Ukumbi uliokuwa chanzo cha yote haya ulikuwa jengo refu la matofali ya kuchoma katikati ya mji, paa la bati lililopakwa rangi nyekundu mara nyingi mpaka likawa na magamba, jukwaa upande mmoja, na sakafu ya mbao za mninga. Ulijengwa enzi za ukoloni, miaka ya thelathini. Baada ya uhuru ukawa wa kila mtu. Bendi ya jazi ya mji ilipiga humo rumba na chacha, watu wakaja kwa malori kutoka Mbinga na Tunduru, walimu wakakutana na wake zao humo, mikutano ikafanyika humo, na maarusi wa dini zote wakakata keki kwenye jukwaa lile lile. Wakati nafika, bendi ilikuwa imekwisha kuvunjika na vijana wengi walipendelea vibanda vya video. Hata hivyo ilikuwa nadra Jumamosi kupita bila harusi, sherehe ya kipaimara, au dansi la kaseti.

Mfanyabiashara mmoja alitaka kuununua ukumbi aufanye ghala la mahindi na mbolea. Halmashauri ilikuwa tayari kuuza. Tatizo lilikuwa faili. Nililisoma lote. Lilikuwa na barua za rangi, za mabati, za choo kilichoziba, hata barua ya kurasa nne ya malalamiko kuhusu popo. Hakukuwa na karatasi hata moja inayoeleza kiwanja kilipatikanaje. Mkuu wangu wa kazi, mtu mpole aliyekuwa na kawaida ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito, akaniita, akaivua, akaniambia niandike historia fupi: kiwanja kilikuwa cha nani, na kilifikaje mikononi mwa umma. Wazee bado wapo, akasema, kawaulize.

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo. Nilifurahi sana, nikanunua daftari jipya.

Chumba nilikuwa nimepanga Matarawe, kwa mama mmoja wa Kingoni, mjane, ambaye watoto wake wote walikuwa wamekwisha kuwa na miji yao. Niligundua baadaye kwamba ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake waliosugua sakafu ya ukumbi. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Tangu ukumbi ulipofunguliwa, ilikuwa desturi kwamba asiyekuwa na kiingilio cha Jumamosi aje Ijumaa mchana kusugua. Nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa upande wa Namtumbo waliileta ikiwa mabonge, iliyeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya taa ndani ya debe, ikapakwa kwenye mbao kwa vitambaa. Halafu wasuguaji walijifunga magunia miguuni, wakacheza juu yake mpaka mbao zing'ae. Walicheza hasa. Walisema mbao hazishiki nta ya mtu anayesugua tu. Zinataka mguu mzito na kiuno kisicho na haraka. Aliyesugua Ijumaa aliingia bure Jumamosi, na watu wa mlangoni hawakuhitaji kumwuliza, walimnusa.

Siku zangu hizo hapakuwa tena na aliyesugua kwa ajili ya kiingilio. Walisugua kwa sababu mbao zingekauka wasiposugua, na kwa sababu walizoea kuonana. Mama mwenye nyumba yangu alikutana na marehemu mumewe pale, wote wawili wakiwa na magunia miguuni, kwa vile wote wawili hawakuwa na kiingilio. Mabinti zake watatu walifanyia harusi pale. Aliponipeleka Ijumaa yangu ya kwanza nilianguka mara mbili kabla wimbo haujaisha.

"Afisa anacheza kama anavuka mto," mmoja wa wanawake akasema.

"Mwacheni," mama akamjibu. "Huyu anafikiri kwanza, ndipo anakanyaga."

Wakacheka, nami nikacheka, lakini nililibeba neno hilo mpaka nyumbani nikaligeuza kila upande.

Kazi ya historia niliianzia kwa fundi cherehani mmoja mzee aliyekuwa na mashine yake kwenye baraza ya duka karibu na soko. Alikuwa Mhehe aliyekuja kutoka Iringa akiwa kijana, na ndiye aliyewashonea wapiga bendi suti zao zote. Kando yake, kwenye benchi lile lile kila siku, alikaa rafiki yake wa Kingoni aliyekuwa mpiga tarumbeta wa bendi. Niliwaamkia shikamoo, wakaniitikia marahaba, wakanisogezea kigoda. Nilieleza nilichotumwa, nikafungua daftari.

Fundi hakutabasamu hata kidogo. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na aliendelea kuutunga wakati anasema.

"Andika, binti. Uwanja ule ulikuwa wa Wangoni, wakicheza ngoma yao ya lizombe. Sisi Wahehe tulikuja wachache, wajenzi. Tukawaambia tushindane kucheza, atakayechoka aache uwanja. Tukacheza siku tatu. Siku ya tatu Wangoni wakakaa chini. Wenyewe wakasema basi, chukueni."

Niliandika kila neno. Kisha, kama nilivyofundishwa, nikamgeukia shahidi wa pili, nikamwuliza mpiga tarumbeta kama ndivyo ilivyokuwa. Alitazama barabarani kwa muda, akakohoa.

"Huyo aliyecheza ndiye anayejua," akasema. "Mimi nilikuwa katika wale waliokaa chini."

Nikapiga mistari miwili chini ya maneno hayo. Jambo likisemwa na mmoja ni simulizi, likithibitishwa na wa pili, tena wa upande ulioshindwa, ni ushahidi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nikitembea kurudi ofisini, na nilitembea haraka.

Utani niliujua. Katika nchi hii nani asiyejua utani? Nilikuwa nimeona Wahehe na Wangoni wakitukanana sokoni mpaka wapita njia wakasimama, kisha wakagawana muwa. Nilikuwa nimeona msibani mtani akijilaza ndani ya kaburi lililo wazi, akikataa kutoka mpaka apewe kuku. Lakini utani niliokuwa naujua ulikuwa na makelele na vicheko. Sikujua kwamba upo mwingine wa sauti ya chini, unaofanywa mbele ya mgeni mwenye daftari, na kwamba anayetaniwa hakanushi, kwa sababu akikanusha ndipo ameshindwa. Anatulia, anangoja siku yake.

Taarifa niliitoa siku ya Jumatatu. Mkuu wangu aliisoma akiwa amesimama, akarudi ukurasa wa tatu, akausoma tena, akaigonga muhuri. Sikuwahi kumwona akigonga muhuri haraka namna ile. Kesho yake nilipopita kwenye baraza ya fundi, alinyanyuka kidogo kwenye kiti akanisalimu, "Mwandishi wetu!" na wazee wawili nisiowajua wakageuza nyuso ukutani. Mabega yao yalikuwa yanatikisika.

Hapo ndipo shaka ilipoanza. Ingekuwa mtu mwingine, angerudi pale pale akauliza. Mimi nilikwenda nyumbani nikaanza kutafuta sababu nyingine za mabega ya wazee kutikisika. Labda walikuwa na kikohozi, kwa sababu ulikuwa mwezi wa Juni na baridi ya Songea haina huruma. Labda walikuwa wanacheka mwendo wangu. Nilijiuliza kwa nini Wahehe wajenzi waliposhinda hawakuuchukua uwanja. Nikajijibu kwamba huenda waliuacha kwa serikali. Nikajiuliza mbona fundi mwenyewe, kwa umri wake, angekuwa mtoto mchanga wakati huo au hajazaliwa. Hilo sikuwa na jibu lake, nikaamua kutolifikiria, nikalifikiria kwa wiki mbili.

Kisha nakala ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, pamoja na tangazo la mkutano wa hadhara wa kusikiliza wenye pingamizi juu ya kuuzwa kwa ukumbi. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamkuta mama anachambua maharage uani. Alinitazama, akaweka ungo chini.

"Mwanangu, hivi ni wewe uliyeandika kwamba Wangoni tulinyang'anywa uwanja kwa kushindwa kucheza?"

Nikasema ni mimi. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaniuliza ni Mhehe gani aliyenipata, akamtaja fundi kabla sijajibu, akacheka tena. Alisema ataipeleka hadithi hiyo kwenye jumuiya. Nikamwacha acheke. Alipotulia nikamwambia kwamba karatasi ile haikuwa ya kubandikwa tu. Ndiyo iliyokuwa imekaa kwenye faili mahali pa hati ya kiwanja, na ndiyo itakayosomwa siku ya mkutano.

Aliacha kucheka polepole. "Wameiweka serikalini?"

"Imo serikalini, mama."

Akauinua ungo, akaendelea kuchambua. Halafu akanieleza, bila hasira, jambo ambalo nilipaswa kuwa nimelisikia mwezi mmoja kabla kama ningemwuliza yeye, niliyekuwa nakula kwake kila siku, badala ya kwenda sokoni kutafuta wazee wa kuandikwa. Uwanja ulitolewa. Watu wa ukoo wa mama yake, pamoja na wengine, walikuwa wakicheza lizombe pale baada ya mavuno. Walipoombwa mahali pa kujenga ukumbi wakakubali kwa sharti moja, kwamba jengo litakalosimama pale liwe la watu kuchezea, na kama litageuzwa kitu kingine waulizwe kwanza. Hawakuandika. Matofali waliyabeba wenyewe, wanawake kichwani, kutoka tanuru lililokuwa bondeni. Mama yake alikuwamo, akiwa na mimba yake yeye.

"Kwa hiyo mimi pia niliyabeba," akasema, lakini sasa hakucheka.

Asubuhi yake nilikwenda kwa fundi. Safari hii sikuketi. Nilimwambia taarifa imegeuka hati. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Uliandika kweli?"

"Niliandika."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine."

"Ikagongwa muhuri?"

"Ikagongwa."

Akavua futi ya kupimia shingoni, akaikunja taratibu, akaiweka mezani. Mpiga tarumbeta alikuwa amekaa pale pale. Nikamwuliza, kwa adabu niliyoweza kuikusanya, kwa nini alinyamaza akijua. Alinijibu kwamba asingeweza kumkatiza mtani wake mbele ya mgeni. Alikuwa amekwisha kuandaa kisasi chake, habari ya jinsi Wahehe walivyomla mbwa wa mkuu wa wilaya, akingoja mgeni mwingine aje na daftari. Hakufikiri kwamba mgeni wa kwanza angekimbia na ile ya fundi ofisini.

"Watoto wa chuo tulidhani mnachuja," akasema.

Fundi akamkemea kwa mkono. Akasema watakuja mkutanoni wote wawili, yeye atasimama aseme alitania. Kisha akanitazama moja kwa moja, na huo ndio mtazamo nilioukumbuka zaidi kuliko maneno yote ya siku zile.

"Lakini mimi nilisema kwa mdomo, mwanangu. Aliyeandika ni wewe."

Niliomba kuonana na mkuu wangu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza utani ni nini, nikaanzia mbali, kwa vita vya zamani vya Wangoni na Wahehe, mpaka akavua miwani.

"Nimekaa Songea miaka kumi na miwili," akasema. "Unadhani nilihitaji kuelezwa?"

Alikuwa amejua tangu aliposoma akiwa amesimama. Akaniambia kwamba wakubwa walitaka karatasi, mimi nikaleta karatasi, na yeye ana watoto wanne shuleni ambako sasa kila kitu kinachangiwa. Akafungua droo, akanionyesha fomu yangu ya kuthibitishwa kazini. Ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mahali pa sahihi yake. Alisema ataisaini baada ya mkutano, mambo yakitulia. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekushauri uvae sweta.

"Wazee watasema wanayotaka kusema," akaongeza. "Ya mdomo yatajibiwa kwa ya maandishi. Wewe kaa karibu nami, usiseme kitu."

Zilibaki siku nne. Sijawahi kuhangaika kama nilivyohangaika siku hizo. Niliandika barua ya masahihisho, nikaichana. Nikaandika nyingine ambayo kila sentensi ilikuwa na "huenda" na "inawezekana", nikaisoma nikaona kwamba inaweza kusomwa kama kuithibitisha ile ya kwanza. Nikaandika ya tatu bila huenda hata moja, nikaogopa hata kuiacha mezani, nikaikunja nikaitia kwenye mkoba. Nilifikiria kupeleka barua isiyo na jina, mpaka nikakumbuka kwamba mashine ilikuwa ile ile na m yake ilikuwa imekatika mguu mmoja. Nilifikiria kuugua. Mchana mmoja nilikwenda hadi stendi nikasimama nikitazama basi la Dar es Salaam likijaza, kondakta akanishika mkono ili anipokee begi ambalo sikuwa nalo, nikamwambia namsindikiza mtu. Basi likaondoka, nami nikabaki nikipunga mkono kwa watu nisiowajua, ili kondakta asione kwamba nimedanganya.

Nilipima. Ndiyo kazi pekee niliyokuwa naiweza, kupima. Nikisema, ukumbi unaweza kuuzwa hata hivyo, na mimi nitakuwa nimepoteza kazi bure. Nikinyamaza, ukumbi unaweza usiuzwe hata hivyo, na mimi nitakuwa nimeiokoa kazi bila kumdhuru mtu. Kwa hiyo kusema au kutosema hakukuwa na uhakika wa kubadili chochote. Nilifurahia hoja hiyo kwa muda wa kutoka Mfaranyaki hadi Matarawe. Nilipofika nyumbani nikaona kasoro yake: sikuulizwa kama ukumbi utauzwa. Niliulizwa kama sentensi ni ya kweli.

Ijumaa wanawake walikwenda kusugua kama kawaida. Mkutano ulikuwa umepangwa kufanyika kwenye ukumbi wenyewe, Jumamosi asubuhi, kwa vile hapakuwa na chumba kingine cha kutosha. Nilijifunga magunia nikaingia mstarini. Nilitegemea kusutwa. Hakuna aliyenisuta, walinipa nafasi katikati, wakaanza wimbo, na nta ikanuka kama siku zote. Walisugua hata nyuma ya jukwaa, ambako kwa kawaida hawakufika. Nikamwuliza mama kwa nini leo wanasugua mpaka kule.

"Wageni watakuja," akasema. Kisha, baada ya kwenda na kurudi mara moja: "Sisi tutakuwapo kesho. Kwenye mikutano hatujui kusema. Tutakaa tu."

Hakuniomba. Mpaka leo najiuliza kama asingekuwa amenyamaza hivyo ningefanya nini, na nimeacha kujijibu.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Wanawake wa kusugua walikaa pamoja upande wa madirisha, wamevaa vitenge vya kwendea kanisani. Wazee wangu wawili walikaa mbele yao. Mfanyabiashara alikuwapo, mtu wa makamo aliyevaa vizuri, akiwasalimu wazee kwa heshima; sikuona ubaya wowote usoni mwake, na hilo nalo lilinisumbua. Mimi nilikaa meza ya mbele, kushoto kwa mkuu wangu, mkoba mapajani. Mwenyekiti wa kikao, afisa mmoja wa halmashauri aliyehamishiwa karibuni, mwenye sauti nzito, alifungua mkutano akamwomba mkuu wangu asome historia ya kiwanja.

Alisoma vizuri. Alipofika ukurasa wa tatu, kicheko kilianzia upande wa madirisha kikaenea mpaka mlangoni. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama Wahehe walicheza na viatu au pekupeku. Mwenyekiti, aliyekuwa mgeni katika mkoa kama mimi, alidhani anadharauliwa. Akagonga meza, akasema huu si mchezo wa kuigiza, mwenye pingamizi asimame aseme kistaarabu.

Fundi akasimama. Akasema yeye ni Mhehe, kwamba maneno hayo ni yake, na kwamba alikuwa anatania.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "hapa nina maandishi ya afisa wa serikali yenye muhuri. Unataka kusema afisa alidanganya?"

Fundi alinitazama. Nilijua angeweza kusema kwamba afisa ni mtoto wa juzi asiyejua kuchuja, na kila mtu angekubali. Alikuwa na haki hiyo.

"Afisa hakudanganya," akasema. "Mimi ndiye niliyetania." Akakaa.

"Basi maandishi yanabaki," mwenyekiti akasema, akageuza ukurasa. "Kuna pingamizi jingine?"

Wanawake wa upande wa madirisha hawakusimama. Walikuwa wamekaa, kama mama alivyosema watakaa. Mkuu wangu alikuwa ameweka kiganja juu ya meza karibu na mkono wangu, bila kunigusa. Nilianza kupima tena, nikaona kwamba nikifika mwisho wa kupima ukurasa wa nne utakuwa umesomwa na wa tano nao utakuwa umesomwa. Nikasimama kabla sijamaliza. Kiti kilitoa mlio kwenye mbao.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ndiye niliyeandika taarifa hiyo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotaka. "Mzee alitania, nami sikuelewa. Sikumwuliza mtu mwingine zaidi ya rafiki yake aliyekuwa naye. Sentensi hiyo si ya kweli, na naomba kuifuta."

"Unafuta taarifa yako?"

"Nafuta sentensi moja. Na naongeza sharti ambalo wenye uwanja walilitoa. Sikuliandika kwa sababu sikuwauliza wao."

Mwenyekiti akamtazama mkuu wangu. Mkuu wangu alikuwa amevua miwani, anaifuta, na hakuinua macho. Mwenyekiti akaniuliza kama nafahamu kwamba nipo kazini na kwamba nilitoa taarifa rasmi. Nikasema nafahamu. Akaniuliza kama nina lolote la maandishi, kwa sababu ya mdomo hatayapokea.

Nilifungua mkoba. Barua ya tatu ilikuwa mle, imekunjwa mara nne, haina huenda hata moja. Niliikunjua nikaisoma mbele ya watu wote, sharti na matofali na tanuru la bondeni, nikaomba faili. Nikafungua ukurasa wa tatu, nikaikata ile sentensi kwa kalamu kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, mstari mmoja ulionyooka, ili iendelee kusomeka na kila mtu aone kilichofutwa. Pembeni nikaandika nani ameifuta na kwa nini. Nikaweka sahihi, tarehe, na cheo changu, ambacho asubuhi ile kilikuwa bado changu, nikayakabidhi yote kwa mwenyekiti.